Kabla Kengele Haijalia

Tumezoea kumzungumzia mshindi: nani kamaliza wa kwanza, kwa muda gani, kamwacha mwenzake umbali gani. Leo naomba twende upande wa pili wa uwanja, kule ambako kamera hupita haraka na mtangazaji husema sentensi moja tu kabla ya kuanza kupaza sauti. Twende kwenye geti la kuanzia. Nitaanza na mbio zilizokimbiwa mpaka mwisho, farasi wa kwanza akaonekana na mamilioni ya watu akivuka mstari, na bado hazina mshindi mpaka leo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Aprili 1993, katika uwanja wa Aintree mjini Liverpool, Uingereza. Mbio zenyewe ni Grand National: farasi 39, vizuizi 30 vya kuruka, zaidi ya kilomita 7. Hiyo ndiyo siku ambayo hata Mwingereza asiyejua kutofautisha farasi na punda huweka dau. Pale Aintree hapakuwa na vizimba wala milango ya kuanzia. Palikuwa na utepe mrefu uliokatiza uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine, unaoruka juu mwanzishaji wa mbio anapovuta mtambo wake. Watetezi wa haki za wanyama walikuwa wameingia uwanjani na kuchelewesha mambo, farasi wamechoka kusubiri, wanazunguka, wanasukumana. Utepe ukaruka, ukawanasa baadhi ya wapanda farasi. Bendera nyekundu ikapepea, wote wakarudishwa.

Wakajipanga upya. Utepe ukaruka mara ya pili, na safari hii sehemu yake ikalegea ikamzunguka shingoni Richard Dunwoody, mmoja wa wapanda farasi mashuhuri wa enzi zake. Hebu fikiria: mtu yuko juu ya mnyama mwenye uzito wa karibu kilo 500 anayetaka kwenda mbele, na shingoni ana kamba inayomvuta nyuma. Mwanzishaji akainua bendera kuwaita warudi, lakini bendera haikufunguka ipasavyo, na waliokwisha kuondoka hawakuona ishara yoyote ya kuwasimamisha. Farasi 9 wakabaki. Farasi 30 wakaenda zao.

Msikilizaji, hapo ndipo palipokuwa na uchungu wenyewe. Watu walikuwa wakipiga kelele kutoka majukwaani, wasimamizi wakipunga mikono na kupeperusha vitambaa, na wapanda farasi wakidhani ni wale waandamanaji wamerudi tena. Baadhi walisimama baada ya mzunguko wa kwanza walipowatambua wakufunzi wao wakiwaashiria. Saba wakaenda mpaka mwisho. Wa kwanza alikuwa Esha Ness, farasi aliyefunzwa na Jenny Pitman, juu yake John White, kwa muda ulio miongoni mwa kasi kubwa kabisa katika historia ya mbio hizo. White alivuka mstari akidhani kashinda, kisha akaambiwa kwamba hakukuwa na mbio. Zikafutwa. Madau ya takriban pauni milioni 75 yakarudishwa kwa wenyewe. Mafunzo ya miaka, ujasiri wa kuruka vizuizi 30, vyote havikuhesabiwa, kwa sababu jambo la sekunde tano za kwanza halikwenda sawa.

Waswahili husema mwanzo wa ngoma ni lele. Mimi naamini hivi: haki ya mashindano yoyote huwekwa mwanzoni. Ukiiharibu pale, hakuna mwamuzi, hakuna picha ya kamera, hakuna kamati ya rufaa itakayoirudisha mwishoni. Na wanadamu wamelijua hilo kwa muda mrefu sana.

Wagiriki wa kale, katika uwanja wa Olympia, walijenga kituo cha kuanzia mbio za farasi na magari ya kukokotwa. Mwandishi Pausanias, aliyeutembelea uwanja huo katika karne ya 2 baada ya Kristo, alieleza kwamba kituo kilikuwa na umbo la omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, kila ubavu wake ukizidi futi 400. Aliyekibuni aliitwa Cleoetas. Washindani walipigiwa kura kupata vizimba vyao. Mbele yao zilikuwa kamba. Wakati ulipofika, tai wa shaba alipanda juu ili watazamaji wamwone, na pomboo wa shaba akaanguka chini. Kisha kamba za vizimba vya nyuma kabisa zikafunguliwa kwanza, wakatoka; walipofika usawa wa vizimba vilivyofuata, kamba za hao nazo zikafunguliwa, na hivyo hivyo mpaka wote wakawa sambamba kwenye ncha ya omo. Huo ni utaratibu wa watu waliokaa chini wakajiuliza kwa makini: tufanyeje ili aliyepata kizimba kibaya asionewe?

Warumi nao, katika Circus Maximus, walikuwa na vizimba 12 vilivyopangwa kwa mshazari wa upinde, ili gari la kukokotwa na farasi litokalo kizimba chochote lisafiri umbali ulio sawa kufika mahali pa kuanza kushindania njia. Mkubwa wa serikali aliangusha kitambaa cheupe na milango ikafunguka. Mabaki ya vizimba vya aina hiyo yapo mpaka leo hapa Afrika, huko Leptis Magna, Libya.

La kushangaza ni kwamba karne nyingi baada ya Warumi elimu hiyo ilikuwa haitumiki huko Uingereza. Mbio za farasi za Uingereza katika karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19 zilianzishwa kwa bendera na sauti ya mtu. Farasi walikuja wakitembea kama kundi, na mwanzishaji akiona wamekaa sawasawa aliangusha bendera. Hapo palikuwa na mlango mpana wa ujanja. Mpanda farasi mjuzi alijua kuchungulia mkono wa mwanzishaji na kuondoka kabla ya wenzake. Mwingine aliharibu mwanzo kwa makusudi, mara baada ya mara, ili farasi kipenzi cha watu achoke akili. Na mwanzishaji mwenyewe, akiwa na rafiki kati ya wamiliki, aliweza kumpendelea kwa kufumba na kufumbua tu, na nani angethibitisha? Ndipo Waaustralia, mwishoni mwa karne ya 19, walipoleta kizuizi cha kamba na nyuzi zinazofyatuka, na Waingereza wakaingia katika njia hiyo ya utepe katika miaka hiyo hiyo.

Geti tunalolijua leo, lenye milango mbele na nyuma, lina mtu wake. Anaitwa Clay Puett, Mmarekani aliyepata kupanda farasi wa mbio na kuwa mwanzishaji. Geti lake la umeme lilitumika mara ya kwanza Julai 1939 katika uwanja wa Lansdowne Park, karibu na Vancouver, Kanada, na haikuchukua hata miaka miwili likawa limeenea katika viwanja vikubwa vya Marekani. Uzuri wa geti lile umo katika wazo moja. Umeme hautumiki kufungua milango. Umeme unatumika kuifunga. Sumaku za umeme huibana milango yote ya mbele, na springi zimekazwa zikitaka kuifungua. Mwanzishaji akibonyeza kitufe, umeme unakatika, sumaku zinaachia, milango yote inafyatuka kwa mpigo mmoja na kengele inalia. Mlango wa kwanza hausubiri wa kumi. Mkono wa mwanadamu unachagua wakati tu. Hauwezi tena kumchagua mtu.

Lakini usidhani, msikilizaji, kwamba chuma kilimaliza kazi. Ukitaka kuiona kazi yenyewe, watazame wale wanaume na wanawake wanaowaingiza farasi kizimbani, wamevaa kofia ngumu na vizibao vya kukinga kifua. Farasi ni mnyama wa mbuga wazi. Silaha yake ni miguu, akiogopa, hukimbia. Sasa unamwambia aingie katika sanduku la chuma ambamo mbavu zake zinakaribia kugusa pande zote mbili, mlango ufungwe nyuma yake, mbele yake pia pamefungwa, na kulia na kushoto kuna farasi wengine wanaopiga teke. Wapo wanaoingia kwa utulivu kama wazee wanaokwenda kuketi barazani. Wapo wanaofika mlangoni na kutia nanga. Hapo wahudumu wawili hushikana mikono nyuma ya makalio yake, wakamsukuma, wa tatu akivuta hatamu mbele. Akikataa bado, anafunikwa macho kwa kitambaa, anazungushwa kidogo, anaingizwa bila kujua amefika. Kitambaa kinachomolewa sekunde za mwisho.

Nchini Marekani mhudumu hubaki ndani ya kizimba pamoja na farasi, amesimama kwenye ukingo mwembamba wa chuma pembeni, mkono mmoja umeshika hatamu, anamnyoosha kichwa aangalie mbele. Kengele ikilia ni lazima aachie papo hapo. Akichelewa kidogo tu, kamnyima farasi nafasi. Akiachia mapema, farasi anageuza kichwa na kutoka upande upande. Wakati huo huo anajilinda asibanwe kati ya mnyama na chuma, maana farasi akisimama kwa miguu ya nyuma ndani ya kizimba, wa kuumia wa kwanza ni yule aliye karibu naye. Watu hawa hawatajwi kwenye matokeo. Hawapandi jukwaa la zawadi. Kwangu mimi, hawa ndio walinzi wa haki kwenye mchezo mzima, na heshima wanayopewa haifikii nusu ya wanayostahili.

Uingereza ilichelewa kukubali vizimba. Vilitumika huko mara ya kwanza Newmarket, Julai 1965, na mbio kubwa za Derby ya Epsom zikavipokea mwaka 1967. Waliopinga walikuwa na hoja yao: kumfunza farasi kutulia kwenye mstari ni sehemu ya ufundi wa mpandaji, na chuma kinaiua. Siipuuzi hoja hiyo. Kisa cha Marekani cha mwaka 1938 kinaitia nguvu. Farasi War Admiral alikuwa hodari kupita kiasi lakini alilichukia geti la siku hizo, la kabla ya Puett. Kwenye mbio za Belmont za mwaka 1937 aliwachelewesha wote kwa dakika kadhaa, akajikwaa akitoka, akajikata kwato, na hata hivyo akashinda. Walipokubaliana kumshindanisha na farasi mwingine, Seabiscuit, wawili peke yao, katika uwanja wa Pimlico mjini Baltimore, tarehe 1 Novemba 1938, upande wa War Admiral ulitaka geti lisiwepo. Wakaanza kwa kutembea na kengele. Kila mtu alijua War Admiral ndiye mwenye kasi ya kuondoka. Lakini Tom Smith, mkufunzi wa Seabiscuit, alikuwa amemzoesha farasi wake kuruka mbele kila akisikia kengele, tena na tena, mpaka mlio ule ukawa ndani ya damu yake. Kengele ilipolia, Seabiscuit ndiye aliyetangulia, na mwisho akashinda kwa tofauti ya urefu wa farasi wanne. Geti liwepo lisiwepo, mwanzo unafunzwa.

Na hata geti likiwepo, si kwamba kila kizimba kina bahati sawa. Kentucky Derby huwa na farasi mpaka 20, na kwa miaka mingi wenye uwanja wake, Churchill Downs, walitumia geti la vizimba 14 na kuliongezea la vizimba 6 pembeni. Kati ya mageti hayo mawili palikuwa na mwanya, na aliyepata kizimba cha 15 alitoka akiwa na nafasi pana upande mmoja, huku mwenye namba 1 akibanwa na uzio. Mwaka 2020 ndipo walipoleta geti moja la vizimba 20, lililotengenezwa Australia. Lilikuwa jambo la kufanywa zamani.

Sasa, msikilizaji, tuache joto la farasi twende kwenye baridi. Katika mchezo wa kuteleza mteremkoni kwa skii, geti la kuanzia ni kitu kidogo kabisa. Ni nguzo mbili fupi zilizochomekwa kwenye theluji, na kati yake kijiti kinacholala mbele ya miguu ya mtelezaji, chini ya magoti. Hakuna mlango wa kufunguliwa. Mtelezaji mwenyewe ndiye anayekisukuma kijiti, na kijiti kikisogea saa inaanza kuhesabu. Hakuna mwenzake pembeni. Anashindana na muda, peke yake, na wengine watamfuata mmoja mmoja.

Hapa haki ina sura nyingine. Kwenye farasi, wote wapate dakika ile ile moja. Kwenye skii, kila mmoja apate saa yake mwenyewe, isiyomdhulumu wala kumpendelea. Katika mbio za mteremko, ule mrefu wa kasi, mtelezaji hupangiwa wakati wake, na anaruhusiwa kuondoka kuanzia sekunde 5 kabla mpaka sekunde 5 baada yake. Akitoka nje ya hapo, anaondolewa. Ndani ya hapo hapotezi kitu, kwa kuwa saa inamsubiri yeye.

Na kwa sababu saa inasubiri kijiti, wateleza skii wamebuni namna ya kuondoka inayopendeza macho. Anachomeka fimbo zake mbili mbele ya kijiti, anarudisha uzito nyuma, kisha anarusha kiwiliwili chote mbele juu ya mteremko huku visigino vikipanda nyuma kama mkia wa nge. Mikono, kichwa, kifua na kiuno vinavuka kwanza, tayari viko kwenye mwendo. Miguu inakuja mwisho kabisa, na ni miguu inayogusa kijiti. Yaani saa inapoanza, mwili umekwisha kuondoka. Faida yake ni sehemu ndogo ya sekunde, na katika mchezo huu sehemu ndogo ya sekunde ndiyo medali. Mwaka 1968 huko Grenoble, Jean-Claude Killy wa Ufaransa alimshinda mwenzake Guy Périllat katika mteremko kwa sekunde 0.08. Mwaka 2014 huko Sochi, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walishuka mlima mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, wakamaliza wote kwa dakika 1 na sekunde 41.57. Medali mbili za dhahabu zikatolewa.

Nafurahi kusema kwamba mtoto wa pwani yetu amesimama nyuma ya kijiti hicho. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria alikojifunza skii tangu utotoni, na mwaka 2018 kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, aliibeba bendera ya Kenya na kushindana katika mbio za skii za slalomu kubwa na Super-G, mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mataifa yenye milima ya theluji yana wanawake kwa makumi wanaolilia nafasi ile. Yeye aliingia getini akiiwakilisha nchi ambayo theluji yake iko kileleni mwa Mlima Kenya tu. Kijiti hakikumuuliza anatoka wapi. Kilimpa saa ile ile waliyopewa Waaustria na Waswisi.

Pamoja na hayo, theluji huharibika. Wa kwanza hushuka kwenye njia laini; wa hamsini hushuka kwenye mifereji iliyochimbwa na wenzake. Ndiyo maana katika slalomu, yenye mishuko miwili, wale 30 bora wa mshuko wa kwanza hugeuzwa: wa 30 anatangulia, aliyeongoza anakuwa wa mwisho kati yao. Kidogo watu wamekaribia wazo la Cleoetas, la kumfidia aliyewekwa pabaya.

Turudi Aintree nilikoanzia, kwa kuwa habari yake haikuishia mwaka 1993. Mbio za kuruka vizuizi za Uingereza bado zinaanzishwa kwa utepe; vizimba ni vya mbio za tambarare. Lakini baada ya aibu ile taratibu za kuwarudisha farasi zilibadilishwa, na mwaka 2013 mahali pa kuanzia pakasogezwa mbali na kelele za majukwaa. Mwaka 2024 wakaenda mbele zaidi: farasi wakapunguzwa kutoka 40 hadi 34, kizuizi cha kwanza kikaletwa karibu ili wasikifikie kwa kasi ya kupindukia, na ikaamuliwa waanze wakiwa wamesimama. Nyingi ya hatua hizo zinahusu mita mia chache za mwanzo wa safari ya kilomita 7. Naona walifanya vyema, ingawa walichelewa.

Ombi langu ni kwa watangazaji wenzangu, wa redio na wa televisheni. Tunapotangaza mbio, ziwe za farasi pale Ngong, Nairobi, ziwe za watoto wa shule ya msingi, tumpe mwanzishaji nafasi yake. Tumwambie msikilizaji nani anaanzisha, wakimbiaji wamepangwaje, nani kapata upande gani, nani kakataa kuingia. Dakika mbili zinatosha, na tunazo.